Mstari Uliotoka Nje

...uliotoka nje, mstari gani uliotoka nje, amesema nini huyu Ngumbao, amesema ule mstari wako uliotoka nje nimeutunza, Mzee Gharib, sikuugusa, kayasema hayo huku akikaza kile chuma kinachobania vitabu chini ya kisu, kayasema kwa sauti ya mtu anayengoja kusifiwa, na mara muadhini wa msikiti wa jirani akaanza, Allahu akbar, Allahu akbar, na Ngumbao akaliachia gurudumu la kuteremshia kisu, maana sheria ya matbaa hii ni ile ile tangu enzi za marehemu babake Zein, kukiadhiniwa mashine hailii, chapa haipigwi, karatasi haikatwi, hata Ngumbao, Mgiriama wa kwenda kanisani kila Jumapili, husimama mikono nyuma mpaka muadhini amalize, basi kimya, joto la alasiri, kisu kiko juu, vitabu viko chini yake, na Gharib kasimama hapo kando akitabasamu, tabasamu la mtu asiyejua anatabasamia nini, kwa kuwa alipoambiwa alisema ahsante. Alisema ahsante, lo, mtu kaambiwa jambo halijui kichwa wala miguu na bado ulimi wake umekimbilia ahsante, ndio ugonjwa wake wa siku hizi, naam, ahsante, naona, vyema, maneno ya kumfungia mtu mlango asiulize la pili. Pale mlangoni Zein mwenye matbaa alikuwa akimwambia Sheikh Jamaldin, kazi hii imepita mikononi mwa Ami Gharib, Sheikh, herufi haimpiti huyu, na Sheikh alikuwa akijibu, nami ndipo nikaja kwenu, hizi ni dua, nataka nizigawe Ijumaa baada ya sala kwa niaba ya mama, Mungu amrehemu, na wote wawili wakayakatia hapo kwa ajili ya adhana, sasa wanaitikia chini chini, na Gharib naye anaitikia, Allahu akbar, Allahu akbar, midomo iko kwa muadhini na moyo uko kwenye mstari.

Mstari gani basi, maana katika kazi hii mstari hautoki nje wenyewe. Herufi za Kizungu, ukiwa na neno refu lisiloingia mwisho wa mstari, unalikata, nusu hapa nusu kule, unatia kistari, mambo yamekwisha, Gharib huyaona yakifanywa kwenye kabati la pili, kwenye makaratasi ya makampuni ya Kilindini na Shimanzi ambayo tangu Uhuru ndiyo kazi kubwa ya Zein, lakini neno la Kiarabu halikatwi, ni zima au si neno, kwa hiyo mstari ukipungua unazivuta herufi, unatia vile vipande vyembamba vya risasi, mivuto wenyewe huiita, herufi ikanyooka mpaka mstari ukajaa, na mstari ukizidi unaitoa ile mivuto, unabana nafasi, unabana tena, ikishindikana unalisukuma neno la mwisho literemke mstari wa chini, nao wa chini unausukumia wa chini yake, hivyo hivyo mpaka mwisho wa fungu, nusu siku nzima kwa sababu ya neno moja, na hiyo ndiyo kazi, haina njia ya mkato, ndivyo alivyomfunza Sheikhan, mpangaji herufi wa zamani, Gharib akiwa kijana hana hata ndevu. Basi mstari uliotoka nje ni mstari ambao mtu aliuacha kazi haijesha, na Gharib haachi kazi haijesha, au ameiacha, ashhadu an la ilaha illa llah, na huyu Ngumbao mbona hakusema. Ngumbao hakusema kwa sababu ya ile siku, si ndiyo, siku ya kalenda ya Ramadhani, aliona herufi moja imempanda mwenziwe akaibana ikakaa sawa, akidhani anasaidia, na Gharib akamfokea mbele ya watu, wewe haya huyajui, haya ni mambo ya dini, ulionalo liache kama ulivyolikuta, na Ngumbao, mtu mzima mwenye mke na watoto Kaloleni, akainamisha kichwa akasema nimesikia. Alisikia kweli. Akauona mstari umetoka nje akasema haya ndiyo yale ya dini, akaichukua mistari mingine yote ya ukurasa huo akaitilia risasi tupu mwishoni ili fremu ipate kukazika, mmoja mmoja, kwa heshima zake, na sasa huyo anainama ananong'ona katikati ya adhana, na ule wa juu yake ulioingia ndani, nao niliuacha vile vile, na Gharib anatia kidole mdomoni, nyamaza bwana, kunaadhiniwa, kumbe si adhana, ni damu imemganda, mmoja umetoka na wa juu yake umeingia, Mola wangu, sasa ameelewa, alikusudia kuubana ule mstari uliozidi na akaubana jirani yake, akaitoa mivuto ya mstari usiokuwa na kosa, akapitisha kidole gumba mwisho wake akasikia umerudi ndani, akasema alhamdulillahi, akaufunga ukurasa uzi, akaenda kunywa kahawa.

Na aliubana jirani yake kwa sababu haoni. Hebu lisemwe wazi, maana mwenyewe hulizunguka hata moyoni mwake, hulipita kwa mbali mtu anavyompita mbwa aliyelala, macho ya Gharib yamekwisha, yalianza usiku ule wa bendera kupandishwa, watu wote Mombasa wako nje wanatazama taa na fataki, na yeye akaona kila taa imevaa duara la moshi, akasema ni moshi wa fataki, fataki zikaisha na duara likabaki, akasema ni vumbi la kusi, akasema ni risasi ya herufi, akasema ni usingizi, kila msimu na jina lake, na kwa daktari hakwenda kwa kuwa daktari angelitaja lile la kweli, na leo dirisha kwake ni weupe tu, Zein ni kivuli kirefu chenye sauti, Sheikh ni kivuli kinene chenye harufu ya udi. Kabati la herufi halihitaji macho, hilo analijua kwa vidole, alif hapa, lam pale, mivuto chini kushoto, vidole vyake huenda vyenyewe. Ni kuisoma kazi iliyokwisha ndiko kunakohitaji macho, na ni kutembea, na kutembea amejifunza, hutoka nyumbani akaja matbaa akizisikiliza kuta za vichochoro kwa bega, kwa bega tu, mkono hanyooshi mbele hata iwe nini, heri ajigonge, heri aombe radhi kwa kumkanyaga mtu, kwa sababu Sheikhan ndivyo alivyojulikana, kwa mkono. Siku moja Sheikhan aliunyoosha mkono mbele kuitafuta meza iliyokuwa pale pale miaka yote, babake Zein akauona ule mkono umening'inia hewani, na juma halikwisha Gharib akapewa sinia la halua na kanzu mpya ampelekee nyumbani, akamwambie bwana asema ukapumzike, na akampelekea, akamwambia, na Sheikhan akaipapasa ile kanzu akauliza, ni nyeupe? na Gharib akasema nyeupe, na ilikuwa nyeupe, lakini mbona lile swali halijamtoka masikioni mpaka leo. Alikwenda kumtazama mara mbili. Mara ya pili alimkuta ameketi ukumbini ameelekea ukuta, akimwuliza nani yule anapita, nani yule, akidhani ameelekea njia, na Gharib, aliyekuwa nyuma yake, akaondoka bila kuaga, na hakwenda tena mpaka siku ya maziko. Na hapa sasa, kwenye harufu ya wino na mafuta ya mashine, wallahi anasikia harufu ya halua.

Tulia. Tulia, Gharib, huenda si kitu, mstari kutoka nje si maiti, suala ni umetokea wapi, ashhadu anna Muhammadan rasulu llah, umetokea ukurasa gani, fikiri kabla hajamaliza huyu, Kiarabu huanzia kulia kikaishia kushoto, basi kilichozidi kimezidi kushoto, hilo halina ubishi, na kitabu cha Kiarabu hushonwa kulia, kwa hiyo ukurasa wa mbele wa karatasi kushoto kwake ndiko nje, ndiko kwenye kisu, lakini ukiigeuza karatasi, ukurasa wa nyuma, kushoto kwake ndiko kwenye mshono, na mstari ukitokea huko umejificha ndani, uzi utaupitia tu, msomaji atakifungua kitabu kwa nguvu kidogo aseme hawa wapiga chapa hawa, basi, yamekwisha. Kurasa za witiri, moja, tatu, tano, ni za mbele, za shufwa, mbili, nne, sita, ni za nyuma. Ewe Mola, ufanye uwe shufwa, wa pili, wa nne, wa kumi, wowote ule, na akili yake inarudi mbio nyumbani, kitandani, baada ya chakula cha mchana, maana huko ndiko zinakosomewa karatasi za majaribio, si hapa, hapa huzikunja akasema nazipeleka nyumbani nikazisome kwa utulivu, na huko Mwanakhamis mkewe ndiye anayesoma. Macho yamechoka na risasi, mama Swabaha, nisomee, na yeye husoma, kwa ile sauti ya chuo cha Kurani aliyokuwa nayo tangu msichana, hutaja kwanza ukurasa, wa kwanza, wa pili, kisha huteremka mstari kwa mstari, kila mstari pumzi moja, na Gharib hulala chali mkono usoni akasikiliza, na sikio lake halina mchezo, herufi ikipungua analisikia pengo lake, na Mwanakhamis naye si haba, yeye ndiye aliyesimama siku ile akasema, hapa mbona pamekatika, Muhammad bin nani? Bin nani. Ndipo hapo. Alikuwa amelisahau neno, Abdullahi, Muhammad bin Abdullahi, akajipiga kipaji, kesho yake akalitia mwisho wa mstari kwa koleo, mstari ukawa mrefu kwa neno zima, ndio huo, ndio huo alioukosa akaubana wa juu yake, na Mwanakhamis alikuwa ametaja ukurasa gani, alitaja, siku zote hutaja, mvua ilikuwa ikipiga mabati ya jirani na ilibidi apaze sauti, wa saba tumekwisha, wa nane tumekwisha, wa tisa. Wa tisa, alisema. Tisa ni witiri.

Tisa ni witiri, tisa ni mbele, kushoto kwa tisa ni kisu, na neno lililotoka ni Abdullahi, ashhadu anna Muhammadan rasulu llah, anarudia huyu muadhini, analivuta lile jina la Mola kule juu, analivuta refu, na Gharib akaliegemea kabati kwa bega. Kati ya yote aliyofunzwa na Sheikhan hili lilikuwa la mwanzo, kabla ya kushika hata herufi moja, abdi na Allah hawatengwi, mja na Mola wake huwaachi wakatengana mwisho wa mstari, abdi huku juu na jina tukufu limeanza peke yake kule chini, maana msomaji atakayeanzia hapo atasoma kitu kisichosemeka, atasoma jina la Mola likifuatwa na bin fulani, kana kwamba ana baba wa kibinadamu, astaghfirullahi, heri uvunje ukurasa mzima, heri ulale njaa, na Gharib katika umri wake wote wa kazi hakuwatenga hata mara moja, na sasa kisu kitawatenga, abdi itabaki kitabuni na Allah litaanguka sakafuni, kitabu kwa kitabu, rundo kwa rundo, kwa mkono wa Ngumbao ambaye hasomi Kiarabu na hana kosa lolote. Na likianguka sakafuni, kisha? Vipande vya ukingoni huwa vyeupe, havina maandishi, ndiyo maana huzoa Ngumbao akavitia guniani, na muuza njugu wa kwenye kona huja akavichukua, akavisokota kama uzi akafungia vifuko vya njugu za watoto, na hapo kabla ya kuzolewa watu wote hupita juu yake, Zein kwa viatu, Sheikh akija kukitazama kitabu chake atapita juu yake, yeye Gharib kwa makubazi yake mwenyewe atalikanyaga jina la Mola wake asilione, halafu Swabaha, binti yake, akitoka chuoni atanunua njugu, atakifungua kile kikaratasi, atakula, atakitupa mtaroni, hayya ala ssalah, hayya ala ssalah, la haula wala quwwata illa billah. Huenda halikufika huko. Huenda kisu kitapita mbali, upana wa kidole kimoja tu ukingoni ndio hukatwa, huenda ni herufi ya mwisho peke yake, huenda ni mkia wake, lakini hajui, hawezi kujua, njia ya kujua ni kuchukua kitabu kimoja na kufungua na kutazama, na hicho ndicho kitu kimoja ambacho katika chumba hiki chenye watu wanne yeye peke yake hakiwezi.

Basi sema. Subiri muadhini amalize useme, Ngumbao usikate. Na Zein atasema kwa nini, Ami Gharib? Na wewe utasema pana mstari umetoka nje. Na Zein ni kijana wa adabu, hatagomba, atalegeza kile chuma kwa mkono wake, atatoa kitabu cha juu, atakileta mpaka puani pako na kusema upi, Ami, hebu tuonyeshe, na Sheikh atasogea na udi wake atazame naye, na wewe utakishika kitabu hicho huenda umekishika juu chini, utapitisha kidole kwenye weupe mtupu, na watatu hao watakitazama kile kidole. Kesho asubuhi sinia la halua. Au sema tumbo, sema tumbo limenishika, Zein nipeleke nyumbani, na Ngumbao atakata vile vile. Sema kipimo si sawa, Ngumbao visogeze vitabu kidole kimoja, na Zein atakuja na rula yake. Sema Sheikh, ngoja kesho, kuna baraka katika kesho, na Sheikh atacheka aseme kesho ya nini na vitabu hivi hapa. Kila uongo unaomjia unadai mtu mwenye macho wa kuushikilia, na amechoka, miezi mingapi hii ameushikilia, naona, naona, hayya ala lfalah, na iko njia nyingine ambayo ni nyepesi kuliko zote, nayo ni kuendelea kusimama hapa. Kunyamaza wakati wa adhana ni adabu, hakuna atakayemlaumu. Muadhini atamaliza, Ngumbao atazungusha gurudumu, kishindo kimoja, na yeye atatoka akatawadhe, na Ijumaa Sheikh akiufungua ukurasa wa tisa atasema ni kosa la mtu wa mashine, naye Ngumbao atainamisha kichwa aseme nimesikia. Ndiyo, hilo nalo lilimpitia, halikumpitia tu, lilikaa, likamtuliza hata mapigo ya moyo, Ngumbao atalaumiwa, na alipoona jinsi lilivyomtuliza ndipo akajiogopa yeye mwenyewe kuliko alivyoogopa kisu.

Hayya ala lfalah, kwa mara ya pili, muadhini kavuta pumzi, na ile pumzi ndiyo iliyomrudisha, maana Mwanakhamis naye alivuta pumzi. Si siku ya neno lililosahaulika, siku ya pili, karatasi ya pili, alipoleta ile iliyokwisha kurekebishwa ili aisome kwa mara ya mwisho, wa tisa, akateremka mstari kwa mstari, kila mstari pumzi moja, na kwenye ule mmoja pumzi haikumtosha, akasoma, Muhammad bin, akavuta pumzi nyingine, Abdullahi, na Gharib kule kitandani alilisikia lile, wallahi alilisikia, akasema moyoni leo mke wangu amechoka. Halafu Mwanakhamis akasema, hapa waona? Naye akasema, naona. Kwa haraka, kama kawaida, na mkono uko usoni. Akadhani anaonyeshwa doa la wino. Na Mwanakhamis hakusema hapa papi, hakusema waona nini, akasema haya, kwa sauti ndogo, akaendelea na mstari wa chini. Alikuwa akiuona mstari ule, umetoka nje kama ulimi, mtoto wa chuoni angeuona, na mumewe mpangaji herufi asema naona na mkono uko usoni. Kwa hiyo alijua. Alijua siku ile, au alijua kabla, alikuwa akimpima tu, na sasa mambo yanamjia moja nyuma ya jingine, makubazi yake ambayo tangu lini hukaa mlangoni yameelekezwa nje, tayari kwa mguu, na yeye hakuyaelekeza, na mezani Mwanakhamis siku hizi hutaja, mchuzi uko kuliani kwako, baba Swabaha, samaki nimemtoa miiba, naye akidhani ni mapenzi tu ya uzeeni, na siku ile alipomwuliza habari ya macho, mato yako hayaumi? akajibu kwa ukali, mato yangu yana nini, na yeye akasema hayana kitu, akaenda kuwasha jiko. Hakutaka kumvunja. Amemwacha aseme naona mpaka atakapochoka mwenyewe, amekaa naye ndani ya uongo huo akaufanya uwe na makubazi na mchuzi na samaki asiye na miiba. Na huyu Ngumbao hapa, mbona kila fremu humtia mkononi kabisa, shika Mzee Gharib, hii hapa, hamwekei mezani kama anavyowawekea wengine. Huyu naye. Amejificha kwa nani basi, anamficha nani, miezi yote ametembea na bega ukutani katika mji unaomwona. Asiyejua bado ni Zein peke yake, labda, na Sheikh, na hofu haikumtoka, isidhaniwe ilimtoka, harufu ya halua iko pale pale, ataketi ukumbini aelekee ukuta, huenda, nani yule anapita, lakini Sheikhan aliulizwa na nani, nani alimgeuza kiti akamwambia njia iko huku, si yeye Gharib aliyeondoka bila kuaga, na Mwanakhamis hataondoka, Mwanakhamis atamgeuza kiti. Allahu akbar, Allahu akbar. Upi, Ami Gharib, tuonyeshe, atasema Zein. Siujui, mwanangu, atamjibu. Sikuuona. Nimeusikia kwa pumzi ya mke wangu, ni wa tisa, tazameni nyie. Ni maneno machache, hata hayajazi mstari. La ilaha, anasema muadhini, naye huyu hupenda kulivuta la mwisho kuliko yote, analivuta, analivuta, na Zein ameshakohoa, na viatu vya Sheikh vimegeuka sakafuni, na chuma kimelia kidogo, Ngumbao ameshika tena gurudumu, kisu kiko juu bado, illa llah, na Gharib akalibandua bega lake kwenye kabati, akaunyoosha mkono mbele, mbele ya watu wote, ukapapasa hewani ukilitafuta bega la Ngumbao, na hakuurudisha.